Maoni ya Mtandaoni kuhusu Kambi za Watalii Mikumi: Jinsi ya Kuyarekebisha Baada ya Kuyatuma

Mji Mdogo wa Mikumi umekaa njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam na Morogoro kuelekea Iringa, Mbeya na nchi jirani ya Zambia inapita katikati yake, na hapohapo inachepuka barabara ya Kidodi, Ruaha na Kidatu hadi Ifakara, ambayo ndiyo njia ya wageni waendao Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Msafiri atokaye Morogoro, kabla hajauona mji, huwa amekwisha kukata takribani kilomita 50 ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyotangazwa mwaka 1964 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Aidha, treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro mwezi Juni 2024, na hadi Dodoma mwezi Julai mwaka huohuo, ina kituo Kilosa, jambo linalowapa wageni wa ndani njia nyingine ya kuingia wilayani kwetu.

Wageni hawa wote wanahitaji mahali pa kulala, na baadhi yao huchagua kupiga kambi. Zamani mgeni aliuliza kwa dereva, kwa mwenye duka la pembeni mwa barabara au kwa mlinzi wa lango. Leo wengi huuliza simu. Huandika jina la Mikumi, hupitisha macho kwenye orodha ya kambi, hutazama nyota na kusoma maoni matatu au manne ya waliotangulia, kisha huamua. Uamuzi huo huchukua dakika chache, lakini ndani yake mna ujira wa mpishi, wa mlinzi, wa mfuaji mashuka, wa kijana anayepasua kuni na wa mama anayeleta mboga asubuhi. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Siku hizi mgeni huja, au hupita, kwa kufuata maneno yaliyoandikwa na mgeni mwenzake.

Kwa sababu hiyo, toleo hili linaeleza jambo ambalo watumiaji wengi wa simu hawalifahamu vyema: je, maoni uliyokwisha kuyatuma mtandaoni yanaweza kubadilishwa? Kama yanaweza, ni lini inafaa kuyabadilisha, kwa njia gani, na ni lini haifai kabisa? Maelezo haya yanamhusu mkazi aliyekwenda kambini na familia yake mwishoni mwa juma, mwalimu aliyewapeleka wanafunzi, dereva na mwongoza watalii, na vilevile mwenye kambi anayesoma kila siku neno lililoandikwa juu yake.

Nyota moja ina uzito gani?

Programu nyingi humtaka mwandishi atoe alama kuanzia moja hadi tano, kisha aeleze kwa maneno. Alama za waandishi wote hujumlishwa na kugawanywa kwa idadi yao, na wastani unaopatikana ndio huonekana mbele ya jina la kambi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kambi ndogo ina waandishi wanne, na kila mmoja ameipa nyota tano. Wastani wake ni 5. Anakuja mgeni wa tano, anakuta bomba la bafuni limekauka, anatoa nyota moja. Jumla inakuwa 21, na ukigawanya kwa watu watano wastani unashuka hadi 4.2. Sasa chukua kambi kubwa yenye waandishi 200, ambapo 199 wametoa nyota tano na mmoja ametoa moja. Wastani wake unabaki 4.98, na hakuna anayeona tofauti. Malalamiko ni yaleyale, lakini kambi kubwa imekwaruzwa tu, ilhali ndogo imejeruhiwa.

Endapo mgeni yule wa tano atarudi baada ya miezi mitatu, akakuta tangi jipya na maji yanatoka, kisha akabadilisha nyota yake moja kuwa nne, wastani wa kambi ndogo unapanda hadi 4.8. Kambi nyingi zilizo nje ya lango la hifadhi ni za watu wenye mtaji mdogo na waandishi wachache. Ndiyo maana kurekebisha maoni yaliyopitwa na wakati si jambo dogo katika eneo letu.

Lakini mizani hii ina upande wa pili. Nyota iliyopandishwa bila sababu humpeleka msafiri mwingine, pengine mwenye watoto wadogo, mahali ambapo choo hakifai au taa ya usiku haipo. Mwandishi wa maoni ni shahidi, na shahidi ana wajibu kwa pande zote mbili: asimwonee mwenye kambi, na asimdanganye mgeni ajaye.

Ni lini inafaa kubadilisha?

Sababu ya kwanza ni kukosea mahali. Biashara nyingi za eneo letu zina neno Mikumi katika majina yao, na zinapoorodheshwa kwenye ramani ya simu majina hufanana. Mtu aliyelala kambi moja anaweza kubonyeza jina la kambi nyingine na kuipa sifa au lawama isiyoihusu. Hapa usibadilishe maneno peke yake. Yafute hapo yalipo, kisha uyaandike mahali panapohusika.

Sababu ya pili ni kukosea ukweli. Pengine uliandika kwamba ulitozwa mara mbili, kisha ukakuta kwamba malipo moja yalikuwa ya kiingilio cha hifadhi na si ya kambi. Au uliandika kuwa kambi haina umeme, kumbe usiku ule umeme ulikatika mji mzima. Maelezo ya namna hiyo yarekebishwe mara unapoujua ukweli.

Sababu ya tatu ni kukosea mwenye wajibu. Barabara ya wilaya yenye mashimo iko chini ya TARURA; barabara kuu iko chini ya TANROADS; huduma ya maji vijijini iko chini ya RUWASA. Mgeni aliyekwama kwenye tope kabla ya kufika kambini ana haki ya kulitaja tope hilo, kwa kuwa litamsaidia mwenye gari dogo atakayemfuata, lakini si haki kumnyang'anya mwenye kambi nyota kwa barabara asiyoimiliki. Tenganisha mambo hayo mawili katika maandishi yako.

Sababu ya nne ni majira. Bonde la Mkata lina udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao ukilowa hunasa magari na ukikauka hupasuka. Maoni yaliyoandikwa mwezi Aprili, masika yakiwa yamekolea, yatasema njia za kutazamia wanyama hazipitiki. Atakayeyasoma Agosti, kipindi cha kiangazi, atadhani hali ni ileile. Maoni hayo si ya uongo, ila yanakosa tarehe. Kuongeza mwezi na mwaka wa ziara yako ni marekebisho madogo yenye faida kubwa.

Sababu ya tano, na iliyo ya kawaida zaidi, ni kwamba kasoro imeondolewa. Uliandika choo hakina mlango, mlango umewekwa. Uliandika nyani wamekula chakula chako kwa sababu hapakuwa na sanduku la kufungia; sasa masanduku yapo. Ukishuhudia mabadiliko kwa macho yako, yaandike.

Ipo pia hasira. Mtu aliyefika usiku amechoka, akajibiwa vibaya, huandika maneno ambayo asubuhi yake asingeyaandika. Si lazima kulifuta lalamiko. Pengine lalamiko ni la kweli. Linalofaa kuondolewa ni tusi, kebehi na jumla za ovyo, kama vile kuwaita wafanyakazi wote wezi kwa sababu taulo moja halikuonekana.

Ni lini haifai kubadilisha?

Usibadilishe maoni ya kweli kwa sababu umepewa fedha, punguzo la bei, chakula au kulala bure. Kanuni za Google na Tripadvisor zinakataza mwenye biashara kutoa zawadi ili aandikiwe maoni mazuri, na Google inataja wazi kwamba katazo hilo linahusu pia kubadilisha au kuondoa maoni mabaya. Katika nchi nyingine jambo hili limefikia hatua ya sheria: Marekani ilianza kutumia kanuni ya kupiga marufuku maoni bandia mwezi Oktoba 2024, na Uingereza ikafuata mwezi Aprili 2025. Hapa nchini, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji.

Usibadilishe pia kwa kutishwa. Mtu akikupigia simu au akikutumia ujumbe wa vitisho kwa sababu ya neno la kweli uliloandika, hifadhi ujumbe huo na utoe taarifa kituo cha polisi.

Na usibadilishe kwa kuonewa haya tu. Mikumi ni mji mdogo. Mwandishi na mwenye kambi huenda wakakutana sokoni, msikitini, kanisani au msibani. Ni vigumu kumtazama jirani usoni baada ya kuandika kwamba maji ya kambi yake yalikuwa na harufu. Lakini kama maji bado yana harufu, kufuta neno lako hakuyatakasi. Njia ya kiungwana ni kuzungumza naye, kumpa nafasi ya kurekebisha, kisha kuandika ulichokiona baada ya hapo.

Namna ya kubadilisha kwenye Google

Wasafiri wengi hutumia Google Maps, ile ramani inayokuja ndani ya simu nyingi. Hapa maoni yanaweza kuhaririwa au kufutwa na aliyeyaandika wakati wowote. Fuata hatua hizi:

1. Hakikisha simu imeingia kwenye akaunti ileile uliyotumia kuandika maoni ya kwanza. Picha au herufi iliyo kwenye duara upande wa juu wa ramani ndiyo inayoonyesha akaunti iliyo wazi.
2. Andika jina la kambi kwenye sehemu ya kutafutia na uifungue.
3. Nenda kwenye sehemu ya maoni. Maoni yako mwenyewe hujitokeza mahali pake, yakiwa na vidoti vitatu pembeni.
4. Bonyeza vidoti hivyo. Utapewa nafasi ya kuhariri au kufuta.
5. Ukichagua kuhariri, badilisha nyota, maneno au vyote viwili, kisha tuma upya.

Kama jina la kambi limekutoka, unaweza kufungua wasifu wako ndani ya ramani hiyo na kuona orodha ya maoni yote uliyowahi kuyaandika. Mpangilio wa vitufe hutofautiana kidogo kati ya simu na simu, lakini vidoti vitatu pembeni ya maoni ndiyo alama ya kutafuta.

Mambo manne ni ya kukumbuka. Kwanza, akaunti moja huwa na maoni mamoja tu kwa mahali pamoja. Ukirudi kambini mwaka unaofuata huandiki maoni ya pili, bali unahariri yale ya kwanza. Pili, maandishi mapya huchukua nafasi ya yale ya zamani, na msomaji huona alama kwamba yamehaririwa. Tatu, marekebisho yanaweza kuchelewa kuonekana kwa kuwa hupitiwa kwanza. Usitume mara kumi kwa kudhani hayakufika. Nne, ikiwa ulipandisha picha, tazama kama bado zipo kwenye orodha ya picha za kambi hiyo, kwa maana kurekebisha maneno hakuondoi picha ya choo kilichovunjika ambacho sasa kimejengwa upya.

Programu nyingine

Tripadvisor ina utaratibu tofauti. Maoni yakishatumwa huko hayahaririwi. Anayetaka kubadilisha hulazimika kuyafuta na kuandika mapya, nayo hukaguliwa kabla ya kuchapishwa. Kwa hiyo nakili kwanza maandishi yako ya zamani na uyahifadhi pembeni, uandae yale mapya, ndipo ufute.

Airbnb, inayotumiwa na baadhi ya wenye nyumba na mahema ya kupangisha, humpa mgeni siku 14 baada ya kuondoka ili aandike. Maoni ya mgeni na ya mwenyeji huchapishwa pindi wote wawili wanapokuwa wameandika au muda huo unapokwisha, na yakishachapishwa hayahaririwi. Hapo busara ni kusoma mara mbili kabla ya kutuma.

Wasafiri wa masafa marefu wanaovuka Afrika kwa magari yenye mahema juu hupenda iOverlander, ambayo huorodhesha kambi na kuweka taarifa za wageni kwa tarehe. Huko, njia nyepesi ya kuwasaidia wengine ni kuongeza taarifa mpya yenye tarehe ya ziara yako mpya, ili msomaji aone hali ilivyokuwa na ilivyo sasa.

Tatizo la akaunti iliyopotea

Kikwazo kikubwa kwa wengi wetu ni kwamba akaunti iliyotumika haipo tena mkononi. Simu mpya ikinunuliwa, mara nyingi muuzaji au fundi humfungulia mteja akaunti ya Google, humwekea nywila anayoijua fundi peke yake, na kazi inaishia hapo. Simu ikiibwa au ikiharibika, fundi mwingine hufungua akaunti nyingine. Maoni yaliyoandikwa kwa akaunti ya kwanza yanabaki mtandaoni bila mwenyewe, wala mwandishi hawezi kuyagusa kwa akaunti mpya.

Chukua hatua mapema. Fungua mipangilio ya simu yako uione anwani ya akaunti uliyo nayo, uiandike mahali salama. Weka nywila yako mwenyewe na usimwachie fundi. Weka namba yako ya simu na anwani ya pili ya barua pepe kama njia za kurejesha akaunti. Kama umekwisha kuipoteza, jaribu kwanza utaratibu wa Google wa kurejesha akaunti ukitumia namba ya simu iliyosajiliwa nayo. Usimpe mtu mwingine namba ya siri ya uthibitisho inayotumwa kwa ujumbe mfupi, hata akidai anakusaidia, kwa kuwa namba hiyo ndiyo ufunguo wa akaunti yako.

Mtoto aliyeandika maoni kwa simu ya mzazi ameandika kwa jina la mzazi. Wazazi wakague jambo hilo.

Maneno gani yaandikwe?

Kwa kuwa kuhariri hufunika maandishi ya awali, yapo maswali ya uaminifu. Msomaji aliyeona nyota tano leo hajui kwamba jana zilikuwa mbili. Ushauri wetu ni kubakiza kiini cha maoni ya kwanza na kuongeza mapya chini yake kwa tarehe. Kwa mfano:

"Tulilala hapa Februari, watu sita. Mahali ni patulivu, ila bafuni hapakuwa na maji siku zote mbili. Nyongeza ya Julai: nimerudi na wanafunzi. Kuna tangi jipya, maji yalitoka asubuhi na jioni. Taa ya njia ya kwenda chooni bado haipo. Njoo na tochi."

Maoni haya yanamtendea haki kila mmoja. Mwenye kambi amepewa sifa ya kazi aliyoifanya, mgeni ajaye anajua alete tochi, na anayesoma anaona kwamba mwandishi alifika mara mbili. Linganisha na maandishi kama "Sasa pako vizuri sana, karibuni nyote", ambayo hayaelezi kilichobadilika wala lini, na humfanya msomaji makini adhani yamenunuliwa.

Andika ulichokiona, si ulichosimuliwa. Usitaje jina kamili la mfanyakazi unayemlalamikia, wala namba yake ya simu, wala usiweke picha ya uso wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inalinda taarifa za mtu, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ndiyo inayosimamia utekelezaji wake. "Mhudumu wa mapokezi siku ya Jumamosi" yatosha kumwezesha mwenye kambi kufuatilia.

Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nacho kinahusu anayechapisha taarifa huku akijua kuwa ni za uongo au za kupotosha, kwa nia ya kukashifu, kutisha au kuudanganya umma. Mwandishi anayegundua kwamba aliandika jambo lisilo kweli asiliache likae hapo. Kulirekebisha haraka ni ushahidi wa nia njema.

Kwa wenye kambi

Mwenye kambi hawezi kufuta maoni ya mgeni. Wanaoweza ni mwandishi mwenyewe, au kampuni yenye programu endapo maoni yamevunja kanuni zake, kwa mfano yana matusi, yametoka kwa mshindani au kwa mtu ambaye hakufika. Anayekuahidi kufuta maoni mabaya kwa malipo anakuibia.

Unachoweza kufanya ni hiki. Jisajili kama mmiliki wa ukurasa wa kambi yako kwenye Google ili uweze kujibu. Jibu kwa upole na kwa ufupi, eleza ulichorekebisha, na mwandishi atapata taarifa kwamba amejibiwa. Jibu hilo pekee huwafanya baadhi ya wageni warudi kuhariri. Mwandishi akikwisha kuhariri, pitia jibu lako pia, kwa sababu jibu la zamani linaloomba radhi kwa bafu lililokauka litaonekana la ajabu chini ya maoni yanayosifu maji.

Waweza kumwomba mgeni atazame upya maoni yake iwapo kasoro imeondolewa. Muombe mara moja, bila zawadi na bila kumsumbua. Usiwaagize wafanyakazi au ndugu waandike maoni ya kuifunika nyota mbaya. Mwandishi mwenye maslahi katika biashara anavunja kanuni, na ikibainika maoni hayo huondolewa.

Dawa ya maoni mabaya ni kazi iliyofanyika. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Maoni ya mtandaoni si taarifa kwa mamlaka

Jambo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Mtu anaweza kuandika mtandaoni kwamba shimo la choo limetitia au kwamba maji ya kunywa yamewaumiza watu tumbo, akadhani amekwisha kutimiza wajibu wake. Maneno hayo yatasomwa na wasafiri, lakini hayatafika kwenye meza ya anayeweza kuchukua hatua.

Kwa kambi zilizo katika vijiji na vitongoji vyetu, taarifa za usafi, vyoo, chakula na maji zipelekwe kwa Afisa Afya wa kata au ofisi ya Afisa Mtendaji wa Kata. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inawapa maafisa afya mamlaka ya kukagua na kuagiza marekebisho. Masuala ya leseni ya biashara yapelekwe kwa Afisa Biashara wa Halmashauri. Wizi, vitisho na unyanyasaji ni masuala ya polisi. Kambi zilizo ndani ya mipaka ya hifadhi ziko chini ya usimamizi wa TANAPA, na malalamiko yake yapelekwe kwa uongozi wa hifadhi.

Unapotoa taarifa, taja jina la kambi, mahali ilipo, tarehe na ulichokiona, na uache namba yako ili upewe mrejesho. Kasoro ikiondolewa baada ya taarifa yako, kumbuka kurudi kwenye maoni yako na kuandika hivyo.

Kwa desturi husema maji yakimwagika hayazoleki. Maneno ya mtandaoni kwa sehemu kubwa yanazoleka, mradi mwandishi ana akaunti yake na ana nia. Kila mkazi aliyewahi kuandika neno kuhusu kambi ya eneo letu anaombwa kufungua simu yake, kusoma upya alichoandika na kujiuliza kama bado ni kweli. Kama si kweli tena, arekebishe. Kama bado ni kweli, aliache lisimame, na taarifa yake aifikishe kwa mhusika.